Mizani ya Lushinge

Baba alikuwa mpimaji wa duka la kaya, Igogo,
enzi zile sukari ilipokuwa na cheo.
Mwanza haijawahi kupungukiwa mawe, kwa hiyo
mawe ndiyo yaliyopanga foleni usiku:
jiwe la mama Kabula, jiwe la karani wa bandari,
tofali la mtu wa reli, ndala moja isiyo na pacha,
vikisimama badala ya miguu hadi alfajiri.
Hakuna aliyethubutu kuruka ndala ya mtu.

Kilo moja kwa kaya. Kaya ya watu kumi na mmoja, kilo moja.
Kaya ya mjane na paka wake, kilo moja.
Ukutani, kwa chaki, baba alikuwa ameandika:

    Sukari hii ya wote, asichote mara mbili,
    Foleni tuifuate, hata jiwe lina hali,
    Mizani haina pete, haina ndugu wa mbali,
    Na isipotosha, sote tutakunywa chai kali.

Upande wa shairi mizani ilitimia.
Upande wa sukari, katika kila kilo, gramu thelathini
zilishukia njiani, alisema baba, meli ikitoka Bukoba.
Nyumbani kwetu chai haikuwahi kuwa kali.
Sikuuliza. Nilikuwa na miaka saba na meno mabovu.

Duka la kaya likafungwa kufuli, kisha likasahau ufunguo.
Tukarudi Makoroboi, kwa Hirji,
ambaye mali yake yote ilikaa nyuma ya mgongo wake
nawe ulinunua kwa mdomo: ile pale, hapana, ya juu yake.

Ndipo likaja Jiwe Supamaketi, Barabara ya Kenyatta,
milango ya kioo, baridi ya bure.
Mama alinyang'anywa mkoba mlangoni, akapewa kibao namba 17,
akaingia mikono nyuma, kama yuko msibani kwa watu asiowajua.
Akasimama mbele ya rafu ya mafuta, akingoja.
"Nani anapima hapa?"
Nikamwambia, mama, unachukua mwenyewe.
"Mwenyewe," akarudia,
kama mtu aliyeambiwa aende akajitibu.

Nilipata kazi humo. Kibunduki cha bei kiganjani,
ta, ta, ta, juu ya kila kopo.
Likazaa tawi Kirumba, likazaa Buzuruga, likazaa Igoma;
bosi wetu, Rweyongeza, alishazungushia Kahama kalamu
kwenye ramani ya ukutani.
Tulishonewa fulana za kijani, jiwe kifuani.

Halafu wasambazaji wakaacha kuleta.
Tukafundishwa kuvuta makopo mbele,
moja moja, ukingoni mwa rafu,
ili duka lionekane limejaa kwa anayepita haraka.
Nyuma ya kila kopo la nyanya, giza.
Majokofu yakazimwa Kirumba, yakazimwa Igoma;
sangara wa Jumanne akanuka hadi kituo cha mafuta.
Mshahara wa mwisho nililipwa kwa sabuni.
Bado ninazo mche mbili.

Mwezi uliopita jengo lilelile limefunguliwa kwa jina jingine,
rangi ya chungwa, maputo, sukari kwa bei ya ofa.
Nilimpeleka baba. Ana miaka themanini na moja, anatembea
kama anayehesabu vigae.
Alichukua mfuko wa kilo, mwenyewe, bila kufundishwa,
akaupeleka kwenye mizani ya mboga,
ile ya namba nyekundu.
970.

Nilisubiri acheke, au amwite meneja.
Watu nyuma yetu walikuwa na nyanya za kupima.
"Thelathini," alisema, si kwangu.
Kisha akaurudisha mfuko rafuni kwa mikono miwili,
akaufuta vumbi ambalo halikuwepo.

Njiani hakusema kitu.
Tulipovuka Mirongo, maji yakiwa machache na meusi,
akaniuliza kama meno bado yananisumbua.